Chasisi ya Morgan si ya mbao

Karibu kila anayeniletea Morgan ya zamani, gari lile la Kiingereza, huinama, akagonga ubao wa sakafu, kisha akasema: "Fundi, chasisi yake, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni ya mbao, sivyo?" Sivyo. Morgan ya kwanza, ile ya magurudumu matatu aliyoiunda H.F.S. Morgan mwaka 1909 huko Malvern, Uingereza, ilijengwa kwa mabomba ya chuma. Bomba kuu lilipita katikati kutoka mbele hadi nyuma, na ndani yake ilizunguka propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Nyuma kulikuwa na minyororo miwili, kila mmoja na gia yake, ikizungusha gurudumu lile lile moja la nyuma. Hapo mbao ungezifunga wapi?

Gari la magurudumu manne, lililoitwa 4-4, lilipokuja mwaka 1936, chasisi ilikuwa ya chuma vilevile: boriti mbili zilizokunjwa mfano wa herufi Z, moja kila upande. Mbao zipo, tena nazipenda, ila ni za bodi. Fremu ya mbao za mti uitwao ash huketi juu ya chasisi, na mabati ya bodi hushikiliwa na fremu hiyo. Ukivua bodi yote, fremu na kila kitu, chasisi inabaki chini na injini yake, magurudumu yake na usukani wake.

Kinachoniudhi ni hasara inayoletwa na dhana hii. Mtu anakwenda kununua gari, anachoma mbao kwa bisibisi mlango hadi mlango, anaziona nzima, analipa. Kumbe boriti imeliwa na kutu. Nenda na sumaku. Lala chini, ipitishe kwenye boriti kuanzia mbele hadi nyuma. Isiponata vizuri, hapo pamejazwa lami au gundi na kupakwa rangi. Bisibisi ije baadaye, kwenye mbao za chini ya milango, ndiko maji yanakotuama. Na tafadhali, gari likinyeshewa usilifunike turubai la nailoni kabla halijakauka. Nitalisema hili hadi nistaafu.

Wengine husema magari yale ya magurudumu matatu yalikuwa ya watu wasioweza kununua gari kamili. Bei nafuu ilikuwepo, na kwa miaka mingi sheria ya kodi ya Uingereza iliyaweka pamoja na pikipiki. Lakini chombo chepesi chenye injini ya pikipiki ya silinda mbili kilikwenda kasi hasa: mwaka 1912 Harry Martin alishinda nacho mbio katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, na mwaka 1913 W.G. McMinnies akashinda mbio za Amiens, Ufaransa. Tena kila gurudumu la mbele lilikuwa na springi yake na kucheza peke yake, wakati magari mengi yalikuwa bado na ekseli moja ngumu mbele.

Kwamba fedha za kuanzia zilitoka kwa yule J.P. Morgan wa benki ya Marekani, hapana. Aliyemsaidia kijana H.F.S. ni baba yake, kasisi wa Kanisa la Anglikana.

Na wanaoona 4-4 wakadhani ni foo-bai-foo: nne ya kwanza ni silinda, ya pili ni magurudumu. Nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma tu.