Naanza na Pindo

Nikianika kazi mpya barazani ikauke, wapitao hawakosi kuniuliza. Wageni walioshuka boti jetini huuliza, "Hii ni picha ya nini?" Mabibi wa mtaa hawaulizi hivyo. Wao husema, "Leso hii, ina lake li wapi?" Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, jina ni ina, na leso isiyo na jina humkera mtu kama chai iliyosahauliwa sukari. Swali la wageni nimeshalizoea. La mabibi ndilo hunikalisha chini, kwa sababu wao wameshaijua kazi yangu kabla sijafungua kinywa.

Mimi huchora picha dhahania. Hamna mashua ndani yake, hamna punda, hamna mlango wa nakshi. Kuna rangi, kingo na nafasi. Yote matatu nimeyatoa kwenye sanduku la bibi yangu, ingawa sikuanzia hapo. Mwaka wa kwanza niliiga maua ya leso: korosho, mananasi, ndege. Picha zilinunuliwa haraka, nami nilijiona fundi. Bibi alizitazama moja moja, akanirudishia. "Mwanangu, leso ninazo sandukuni."

Basi nikaanza kumtazama yeye anavyoitazama leso. Doti mpya ikiletwa, aliitandaza kitandani, akaufunika mji kwa kiganja, akakagua pindo peke yake. Kwa wasioijua: pindo ni ule ukanda unaozunguka pande zote nne, mji ni uwanja wa katikati, na jina hukaa ndani ya mji, chini, karibu na pindo. Pindo likiwa jembamba alisema mji unamwagika. Likiwa pana mno, mji umefungwa jela. Hakuwahi kusema maua ni mazuri au mabaya.

Hiyo ndiyo kanuni ninayofanyia kazi mpaka leo. Nakata marudufu, kitambaa kile kile cha matanga, kwa kipimo cha leso: karibu sentimita 150 kwa 110. Nakipaka gundi iliyochanganywa na chaki, kisha naanza na pindo, shibiri moja kila upande. Nikishalimaliza nauacha mji mtupu siku tatu, nne. Wachoraji wengi huanza katikati na ukingo ukaja kuwa pale rangi ilipoishia. Kwangu ukingo ndio unaoamua katikati pawe na kelele kiasi gani. Pindo jeusi na jekundu kama la kishutu, leso ya maharusi, halivumilii mji wenye rangi nyingi. Nimejaribu. Nilipoteza vitambaa viwili na rangi ya akriliki ambayo ilikuja kwa basi na boti.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka uisogeze leso puani. Kiwandani rangi hupigwa moja baada ya nyingine, na mara nyingi haziangukii mahali pamoja. Nyekundu huvuka mstari mweusi kidogo, au hukomea kabla yake, pakabaki uzi mweupe usiopakwa kitu. Mfanyabiashara ataita kasoro. Mimi hufanya makusudi: rangi mbili zinakaribiana, hazigusani, na marudufu yenyewe yanachungulia katikati yake. Ukisimama mbali, picha inatetemeka kama kitu kilicho kwenye joto la saa saba mchana.

Weupe nimeupata kwa babu, upande wa mama. Alikuwa akishona kofia kwa mkono, nyuzi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, vitobo vidogo kimoja kimoja, kofia moja wiki kadhaa. Nakshi yake huioni kwa rangi. Waiona kwa kivuli, kofia ikigeuzwa kwenye mwanga. Nina picha nne nyeupe tupu zilizotokana na kofia hizo, na ndizo zilizonichosha kuliko zote. Mnunuzi mmoja aliniuliza kama nimezimaliza.

Kuna wanaoniambia uchoraji huu ni wa Kizungu. Huwa nawasimulia habari za Sonia Delaunay, mchoraji mzaliwa wa Ukraine aliyeishi Paris. Mwaka 1911 alimshonea mwanawe mchanga blanketi la viraka, kama alivyoona kwa wanakijiji wa kwao, na blanketi hilo likamfungulia njia ya uchoraji dhahania. Naye mchoraji Atta Kwami wa Ghana, aliyefariki 2021, alitegemea kente, kitambaa cha kufumwa cha kwao, na vibanda vya rangi vya mji wa Kumasi. Kwa hiyo mimi na sanduku la bibi hatuko peke yetu.

Huchora doti pia, picha mbili kwa pamoja. Ya pili naichora ya kwanza ikiwa imegeuzwa ukutani, ili zifanane kama ndugu wanavyofanana. Nyumbani doti ilikatwa katikati, kipande kwa mama, kipande kwa mama mdogo, na walipovaa siku moja tulijua wamepatana. Ukinunua kwangu, moja utachukua na moja itabaki.

Sasa jina. Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu. Leso zake nyingi zilikuwa na herufi za Kizungu, kwa hiyo alizipa majina yake: ile ya mvua, ile ya kesi, ile ya deni. Ndiyo maana naacha kisanduku kitupu juu ya pindo la chini.

Juzi jirani, mtu mzima wa miaka themanini na ushei, alisimama mbele ya picha ya kijivu, akakitazama kile kisanduku, akasema, "Kama wajua, nyamaza." Akacheka, akajifunga leso yake, akaenda zake. Jina hilo nimeliandika nyuma ya kitambaa kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu.