Mirija ya hewa ya nzi: yanayodhaniwa na yalivyo

Wengi hudhani nzi hupumua kwa mdomo, kisha damu ikasambaza oksijeni kama kwetu. Sivyo. Hewa huingia kwa matundu madogo mwilini, na mirija huifikisha mpaka kwenye tishu zenyewe.

Dhana inayowanasa hata waliosoma baiolojia ni kwamba mirija hiyo hurefuka kwa seli kugawanyika. Mtazame nzi wa matunda akiwa bado kiinitete. Kila upande wa mwili una vifuko 10 ambamo mirija huchipuka, kila kimoja kina seli 80 hivi. Kifuko kikishabonyea ndani, seli haziongezeki tena. Matawi yote hutokana na seli zilezile kuhama, kujipanga upya na kujinyoosha.

Je, zinajuaje pa kwenda? Ukisema ramani yote imo ndani ya seli za mrija, umekosea. Mwaka 1996, maabara ya Mark Krasnow katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilionyesha kuwa mwito hutoka nje. Vikundi vya seli jirani hutoa protini iitwayo Branchless, nazo seli za mrija zina kipokezi cha kuinasa, Breathless. Tawi huelekea protini inakotoka. Likikaribia, kikundi kile hunyamaza, na kingine huko mbele huanza kuita. Jeni ya Branchless ikikosekana, vifuko hubaki vifuko. Ikiwashwa mahali isipostahili, matawi huenda hukohuko.

Basi protini ikizidi, mirija itanawiri? La hasha. Ilipotengenezwa kila mahali mwilini, matawi makuu yalikwama na vijitawi vyembamba vikachipua ovyo. Harufu ya samaki wa kukaanga ikijaa mtaa mzima, utajuaje ubishe hodi mlango upi?

Tena si kila seli ya tawi inayoongoza. Zilizo kwenye ncha hunyoosha vidole vyembamba na kusonga mbele, huku zikizizuia jirani zake, kwa njia ya kipokezi cha Notch, zisigombee nafasi hiyo. Nyingine hufuata zikivutwa.

Wala kazi haimaliziki yai linapoanguliwa. Ndani ya buu, tishu iliyopungukiwa oksijeni huitoa Branchless upya, na seli za mwisho za mrija hutambaza vijitawi kuifuata.

Na mambo haya si ya wadudu peke yao, kinyume cha wanavyodhani wengi. Panya waliokosa FGF10, protini ya ukoo mmoja na Branchless, walizaliwa bila mapafu, ingawa koo la hewa walikuwa nalo.