Tingatinga la kuvuta skrepa: mie huanzia nyuma

Juzi nilipigiwa simu kutoka Gongoni. Kijana ambaye babake tulifanya naye kazi kwenye mabwawa ya chumvi amepata skrepa ya kukokotwa, yaani bakuli la chuma lenye magurudumu la kukata na kubeba udongo, la kama mita 8 za ujazo, na sasa anatafuta tinga la kuivuta. Dalali wa Mombasa amemtumia picha nne za D6, tinga la Caterpillar dogo kuliko D7. Zote zimepigwa kwa mbele: bledi (lile bapa la kusukumia udongo), rangi ya manjano mbichi, taa mpya. "Mzee, nilipe arubuni?" Nikamwambia, mwanangu, mwambie huyo bwana azunguke nyuma apige tena.

Anayetaka tinga la kusukuma, haya, atazame bledi. La skrepa ni kama punda wa mkokoteni: kazi yote iko matakoni.

Kijana aliniuliza mashine ina nguvu za farasi ngapi. Hilo ndilo swali la kila mtu, na mie hulijibu kwa swali lingine: ina tani ngapi? Maana injini yaweza kuwa na nguvu za kung'oa mbuyu, lakini cheni, ile mikanda ya chuma inayotembelea, zikiteleza ni kelele tupu. Tulipiga hesabu palepale kwenye simu. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolegea ina tani moja na nusu hivi, kwa hiyo skrepa ikijaa ni tani 12. Chuma chenyewe tukakiwekea tani 8. Jumla 20. Kwenye udongo laini, kila tani juu ya magurudumu yataka kuvutwa kwa karibu kilo 100. Kwenye mchanga uliolegea, kilo 200. Kwa hiyo pale kwetu karibu na bahari, kuitembeza tu hiyo skrepa ni tani 4 za mvuto.

Sasa geukia tinga. D6 ya zamani ina kama tani 15. Cheni kwenye udongo mkavu ulioshikana huuma ardhi kwa karibu asilimia 90 ya uzito wa mashine. Kwenye mchanga mkavu, asilimia 30. Piga mwenyewe: tani nne na nusu. Imebaki nusu tani, na hapo hujapanda tuta la bwawa. Mwinuko wa asilimia 5 peke yake wataka tani nzima kwa skrepa, ukiacha uzito wa tinga lenyewe. Na kukata udongo ili bakuli lijae ni kazi nzito kuliko hiyo ya kutembea. Kwa skrepa ya mita 8 mie ningetafuta D7, ya tani 20 hivi. D6 itafaa ukikubali kubeba nusu bakuli, au ukiwa na tinga la pili la kuisukuma kwa nyuma wakati wa kujaza.

Mbona asitumie bledi tu, yaishe? Kwa sababu mabwawa ya chumvi yataka sakafu iliyo sawa, maji ya bahari yasambae kwa kina kimoja yakauke, na udongo wa tuta wahitaji kwenda mbali. Kusukuma kwa bledi zaidi ya mita 100 ni kuchoma dizeli. Skrepa hukata, hubeba mita 200 au 300, kisha humwaga kwa tabaka jembamba.

Basi, nyuma. Tazama kwanza chuma cha kuvutia na tundu la pini. Tundu la duara ni salama. Likiwa kama yai, mashine imeshavuta sana. Pitisha kidole kwenye kasha panapofungwa hicho chuma, utafute nyufa na mahali palipochomelewa. Mashine nyingi zilizotumika huja na meno ya kuchimbua, au winchi ya kuvuta magogo, na chuma cha kuvutia hakipo kabisa. Kukitafuta peke yake ni safari nyingine. Halafu haidroliki: skrepa ya kawaida yataka njia tatu, ya kuinua bakuli, ya mlango wa mbele na ya kusukuma udongo utoke. Tinga lenye njia za bledi pekee litakugharimu valvu, mabomba na fundi. Skrepa za kizamani, zile R. G. LeTourneau alizozisambaza Marekani, ziliendeshwa kwa waya kutoka winchi ya nyuma. Ukiuziwa moja, hakikisha winchi yake ipo.

Klachi za kupindia, moja kila upande za kuachia cheni ili tinga ligeuke, ndizo huniweka muda mrefu. Kuvuta huzila kuliko kusukuma, kwa sababu mzigo wa nyuma hautaki kugeuka. Endesha, vuta mkono (leva) wa upande mmoja bila kugusa breki, usikilize. Kwa giaboksi ya klachi, isiyo ya otomatiki, egemeza bledi kwenye kichuguu, weka gia ya pili, shikisha klachi. Ama cheni zizunguke, ama injini izime. Injini ikiendelea kunguruma na cheni zimesimama, klachi imekwisha.

Hapo niseme jambo la opereta. Kwenye mashine za klachi za kupindia, ukishuka mteremko na skrepa imejaa, mzigo ndio unaokusukuma. Ukivuta mkono wa kushoto bila breki, upande huo unaachiwa, unakimbia, na tinga linaelekea kulia. Nimemwona mtu mzima akishuka tuta Marereni akishangaa mashine imemwasi. Kilichomwokoa ni kushusha bakuli likauma ardhi.

Fungua pulagi za oili za giaboksi za pembeni, zile za kuzungusha cheni. Chembe za chuma zinazong'aa ni bei kushuka. Oili ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, na huku kwetu maji hayo huwa ya chumvi: beringi haziponi. Chumvi hiyohiyo hula mapezi ya rejeta na nyaya, kwa hiyo usidanganywe na rangi.

Cheni, pima kwa futi kamba pini hadi pini, viungo vinne, ikiwa imevutwa. D6 ya kawaida kiungo ni milimita 203, kwa hiyo vinne ni 812. D7 ni 216, vinne 864. Kinachozidi hapo ni pini na bushi zilizoliwa. Meno ya sproketi, lile gurudumu linalozungusha cheni, yakichongoka kama ya papa, usipime, jua.

Picha za nyuma zilikuja jana. Tundu ni yai. Jumamosi twaenda kutazama D7 nyingine kabla masika hayajatufungia njia. Nimemwambia kijana abebe futi kamba, spana ya pulagi na chupa tupu ya kuwekea oili. Pesa aziache nyumbani.