Sare ya shule ibaki, ila isimrudishe mtoto nyumbani

Kila mwaka ikifika Januari simu za ofisini kwetu hazipoi, na wanaopiga hawaulizi masomo wala walimu, wanauliza sare. Mzazi anasema mwanangu kachaguliwa kidato cha kwanza, fomu ya kujiunga imeandika sketi mbili, mashati mawili, sweta, tai, traksuti, nguo za kazi, viatu vyeusi vya kamba, na nimeambiwa sweta na traksuti nikanunue duka moja tu, sasa hela natoa wapi na elimu si tulisikia ni bure? Mimi kazi yangu ni elimu ya msingi na nimeshakaa na wazazi wengi juu ya hili, naomba leo nilijibu kwa kirefu.

Tuanze na hilo la bure, maana ndo linalochanganya watu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kwenye shule za serikali hapa Tanzania mpaka kidato cha nne, ukaanza kufanya kazi Januari 2016, na mwaka 2022 wakaongezwa kidato cha tano na sita. Sare haikuwemo. Sare, madaftari na kalamu vimebaki kwa mzazi. Kwa hiyo kwa familia nyingi saivi sare ndo hela kubwa inayotoka mfukoni kwa mkupuo, tena mwezi ambao Krismasi imeshapita na akiba na kodi ya nyumba inadai.

Pamoja na hayo mimi nataka sare ibaki, na sababu zangu sio zile tulizozoea kuambiwa. Kwanza daladala. Mtoto wa mjini anayesoma mbali na kwao, sare ndo kitambulisho chake kwa konda, bila sare hiyo nauli ya mwanafunzi haipati, na hata akiwa nayo wapo makonda wanaomsukuma chini, hilo nalo ni la kukemewa siku nyingine. Pili mtaa mzima unamjua, saa nne asubuhi mtoto wa sare akionekana kwenye banda la video mama muuza vitumbua anamuuliza wewe mbona hauko shule? Na tatu nguo zake nyingine zinapumzika, mzazi hahangaiki kila asubuhi mtoto avae nini. Hizo ni faida za kweli, nimeziona.

Ninachokataa ni ile hoja kwamba sare inaficha umaskini watoto wote wakaonekana sawa. Haifichi. Mimi nilisoma kwa sketi moja ambayo mama alimwambia fundi aache upindo mrefu, kila nikirefuka anaufumua kidogo, na pale palipokuwa pamekunjwa panabaki mstari wa bluu iliyoiva wakati sketi yote imeshapauka, darasa zima linahesabu ile mistari linajua una mwaka wa ngapi na hiyo nguo. Kola ya shati inasema, viatu ndo vinasema zaidi. Mwalimu anayeamini sare imemaliza tofauti darasani kwake aangalie tu miguu ya watoto mstarini.

Kuna wanaosema pia sare inaleta nidhamu na ufaulu. Mji wa Long Beach kule California, Marekani, uliweka sare kwa lazima kwenye shule zake za msingi na za kati mwaka 1994, utovu wa nidhamu ukaripotiwa kushuka na habari ikaenea nchi nzima, lakini kipindi hichohicho shule zilikuwa zinafanya mabadiliko mengine pia, kwa hiyo huwezi kusema ni nguo ndo iliyofanya ile kazi. Finland watoto wanavaa nguo za kawaida na wanasoma vizuri. Tuyaache hayo.

Utafiti unaotuhusu sisi ulifanyika jirani hapa, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2003, mwaka uleule Kenya ilipofuta ada za shule za msingi, watafiti wa uchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichukua shule 328, kwenye baadhi ya hizo watoto wa darasa la sita wakapewa sare bure, na aliyeendelea kubaki shule akapewa nyingine baadae. Hakuna kingine kilichoongezwa, ni nguo tu. Baada ya miaka mitatu wasichana walioacha shule walikuwa kama 16 katika kila 100, wakati kwenye shule ambazo hazikupewa walikuwa 19, na waliopata ujauzito walikuwa 13 badala ya 16. Fikiria, shati na gauni. Msichana mwenye sare anabaki darasani, na anayebaki darasani hana haraka ya kuolewa.

Upo utafiti mwingine wa Kenya hukohuko, sare zikatolewa kwa kura, utoro ukapungua kwa zaidi ya theluthi, na kwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na sare kabisa ukapungua kwa zaidi ya nusu. Ila lazima niseme na upande wa pili, miaka minane baadae walipowafuatilia hawakukuta tofauti kwenye darasa ambalo watoto walifikia. Yani sare ya mara moja inachakaa na faida yake inachakaa nayo, mtoto anakua, sketi inambana, tunarudi palepale.

Mimi hapo nasoma kitu kimoja. Kumbe kilichokuwa kinawatoa hao watoto shule ni kukosa nguo ambayo shule yenyewe ndo imeitaka. Huo mlango tumeujenga wenyewe, na tunaweza kuuacha wazi. Karibu kila Januari utasikia viongozi wakisema mtoto apokelewe hata kama hana sare, na bado ukipita shuleni saa moja na nusu unawakuta watoto wamesimama nje ya geti, mwingine kavaa sketi sahihi ila sweta ni ya rangi nyingine, kaambiwa arudi na mzazi. Mzazi yuko kibaruani. Siku ya kwanza imeenda, ya pili mtoto anaona aibu, ya tatu anasaidia kuuza maji stendi. Kama mtoto kaja bila sare kosa sio lake, hana mshahara, aingie asome, afu mtu mzima aitwe waongee na mtu mzima.

Na bei yenyewe inashushika. Shati jeupe la kawaida na sketi au kaptula ya bluu fundi yeyote wa mtaani anashona, kitambaa kinauzwa kila soko. Kinachopandisha bei ni nembo iliyodariziwa kwenye shati, kwenye sweta, kwenye traksuti mpaka kwenye soksi, ni rangi ya pekee inayopatikana kwa muuzaji mmoja, ni mwalimu mkuu mpya anayekuja na mshono mpya wakati wadogo wa wanafunzi waliopo walikuwa wanasubiri kurithi sare za kaka na dada zao. Uingereza nao waliumia na jambo hilihili, mwaka 2021 wakapitisha sheria kwa shule za England, mwongozo wake unataka vyenye nembo viwe vichache, shule isijifunge na muuzaji mmoja bila ushindani, na mzazi aweze kupata sare iliyotumika. Hatuhitaji kusubiri sheria kama hiyo, beji moja ya kushonea kwenye shati la kawaida inatosha kabisa.

Nyie wenye shule zenye sketi nyeupe au za rangi ya maziwa kwa wasichana wakubwa nawaomba sana mzibadilishe. Binti akiwa kwenye siku zake anakaa kwenye benchi lisaa zima hajibu swali kwa sababu hataki kusimama. Rangi ya giza inamsaidia.

Basi mzazi, fomu ikifika usikimbilie dukani. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla shule haijafunguliwa, muulize kipi kinahitajika wiki ya kwanza na kipi kinaweza kusubiri, muulize kama fundi wako anaruhusiwa kushona. Ukiambiwa duka ni moja tu peleka hoja kwenye kamati ya shule, au bodi kama ni sekondari, iandikwe kwenye muhtasari. Mpimie mtoto nguo kubwa kidogo na upindo uwe mrefu. Na wale ambao watoto wenu wamemaliza, sweta bado nzima, msiifanye dekio, ifueni muipeleke kwa mwalimu wa malezi. Shule moja niliyotembelea walimu wameweka sanduku kwenye stoo, mtoto anaitwa peke yake muda wa mapumziko, anajaribishwa, anarudi darasani kavaa, na wenzake hawajui imetoka wapi.