Uvimbe wa ulimi umenywea baada ya tiba: bado apasuliwe?

Baba yetu, mkulima wa tumbaku huku Urambo, amemaliza dripu za dawa za saratani ya ulimi. Uvimbe umenywea na uji unapita. Madaktari wanataka apasuliwe. Kwa nini akatwe mtu aliyeshapata nafuu?

Kwa sababu macho na vidole hupima kilichotuna tu. Chembe zilizojichimbia ndani ya ulimi, au zilizohamia kwenye tezi za shingoni, hazishikiki kwa mkono. Zipo saratani za koo ambazo mionzi na dawa huzimaliza bila kisu, lakini ya kinywani kwa kawaida hutegemea upasuaji. Dawa zikitangulia, mara nyingi ni kwa kuwa uvimbe ulikuwa mkubwa mno kukatika vizuri. Kwa hiyo nafuu mnayoiona ndiyo nafasi waliyokuwa wanaitafuta, na hapa ndipo familia huteleza: mzee anarudi nyumbani, anaahidi kwenda hospitali masoko ya tumbaku yakifungwa, na uvimbe unaanza kukua upya.

Kama alipewa mionzi je?

Mionzi, ambayo kwa watu wa Tabora humaanisha safari ya Bugando kule Mwanza au Ocean Road jijini Dar es Salaam, huendelea kufanya kazi wiki kadhaa baada ya mtu kushuka kwenye mashine. Ndiyo maana madaktari husubiri kama miezi 3 kabla ya kupiga picha ya kupima matokeo. Ikipigwa mapema, vidonda na uvimbe wa mionzi yenyewe huipotosha. Ikionekana bado kuna kitu, huchukuliwa kinyama kikapimwa maabara.

Upasuaji wa baada ya mionzi ni mgumu zaidi. Ngozi na misuli hupona taratibu, na mshono unaweza kuachia. Mimi ningeanza na swali hili kwa daktari: je, mnaweza kuutoa uvimbe wote, pamoja na ukingo wa nyama isiyo na saratani unaouzunguka? Akisema hapana, kisu kinaweza kumwongezea mateso bila kumwongezea siku. Hapo tiba ya kutuliza maumivu na kumwezesha kula ni tiba kamili, wala hamjamtelekeza.

Tunasikia saratani ikiguswa na kisu inasambaa.

Haisambazwi na upasuaji uliopangwa vizuri, na kuchukua kinyama hakuifanyi ilipuke. Hofu hii imetokana na ndugu waliofika hospitali wakiwa wamechelewa, wakafariki baada ya kupasuliwa, na kisu kikabebeshwa lawama.

Ataweza kusema, kula na kulima?

Inategemea kiasi kitakachokatwa. Kipande kidogo cha ulimi kikitoka, matamshi hubadilika kidogo, na watu wa nyumbani huyazoea. Kikitoka kikubwa, huhamishiwa nyama kutoka kifuani, mkononi au pajani kuziba pengo. Huenda akalishwa kwa mpira wa puani kwa muda, na matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, ayasahau kwanza. Tezi za shingo zikiondolewa, bega linaweza kulegea, mkono ukapanda kwa shida. Mtu wa jembe anastahili kuambiwa hilo kabla ya kutia saini, na aulizie mazoezi ya bega na ya kufungua taya.

Jino bovu ling'olewe lini?

Kabla ya mionzi, lipate muda wa kupona. Baada ya mionzi asing'oe popote bila kumwambia daktari wa meno kwamba aliwahi kuchomwa mionzi. Mfupa wa taya unaweza kufa, hata miaka mingi baadaye.

Sigara na ugoro?

Aache leo. Kidonda cha mvutaji hupona vibaya, na saratani ya pili hupata njia.

Nani aamue?

Baba mwenyewe. Nimeona vikao vya ukoo vikijadili gharama na nauli saa nzima huku mgonjwa amekaa kimya pembeni, hajaulizwa. Muulizeni kwanza, na kama kusema kunamuuma, mpeni kalamu na karatasi.