Mkongo Umepita Mlangoni. Je, Umeingia Ndani?

Ukitazama nguzo ambayo mafundi wa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, wameshaipitia, mara nyingi utaona waya mweusi umeviringishwa na kufungwa, unaning'inia, na kando yake kikopo cheusi kama chupa iliyolazwa. Watu huniuliza kwa nini mafundi wanapoteza waya namna hiyo. Hawaupotezi. Ile ni akiba. Fundi akija kuunga nyumba mpya hawezi kushughulika na nyuzi nyembamba kama unywele akiwa juu ya ngazi na upepo unavuma. Hukishusha kile kikopo hadi chini, akakaa, akaunga, kisha akakipandisha. Bila ile akiba, kikopo hakishuki.

Nimeanza na kikopo kwa sababu ndicho kinachotenganisha namba mbili ambazo taarifa za miradi ya intaneti ya kasi huzichanganya kila mara. Nyuzi zikifika kwenye kikopo, nyumba zote zilizo jirani nacho huandikwa kuwa "zimefikiwa". Waya ukitoka kwenye kikopo, ukaingia sebuleni, ukachomekwa kwenye kifaa na taa ikawaka kijani, hapo nyumba "imeunganishwa". Kati ya hatua hizo mbili panaweza kupita wiki moja au miaka mitano. Kwa hiyo ukisikia mradi wa taifa umefika asilimia 60, uliza kwanza: asilimia 60 ya nini?

Namba inayotangazwa kwa mbwembwe zaidi ni ya kilomita za mkongo, nayo ndiyo inayomwambia mwananchi machache zaidi. Mkongo mkuu hufuata barabara kuu, reli au njia za umeme, na unaweza kwenda mamia ya kilomita bila kutoa tawi hata moja. Kijiji kinaweza kuwa mita 200 tu kutoka kwenye mtaro wa mkongo na kisipate chochote, kwa kuwa mkongo mkuu haukatwi popote mtu apendapo. Ili mwanga utoke pale uende kwa watu inahitajika stesheni, yaani chumba chenye umeme wa uhakika, mitambo ya kuushusha mwanga na mtu wa kuitunza. Wenzangu wahandisi hupenda kilomita kwa sababu zinahesabika kirahisi. Mimi nazitazama kama idadi ya mabomba yaliyolazwa kabla ya bomba la kwanza kutoa maji.

New Zealand ni mahali pazuri pa kujifunzia haya, kwani kazi yao kubwa ya mijini imekwisha na tangu mwanzo waliigawa mafungu mawili: faiba kwa miji, na mpango wa peke yake kwa vijiji. Wa mijini ulizinduliwa mwaka 2009 kwa ahadi ya serikali ya dola bilioni 1.5 za nchi hiyo, lengo likiwa kuwafikia asilimia 75 ya wananchi kabla ya mwaka 2019 kwisha. Baadaye lengo likapandishwa hadi asilimia 87, na Desemba 2022 ujenzi ukakamilika ukiwa umeigusa miji 412, mikubwa kwa midogo. Whangārei, mji wa kaskazini, ndio uliotangulia kumalizika, mwaka 2014. Aliyeujenga hakuwa kampuni ya simu. Alikuwa Northpower, kampuni yenye nguzo na nyaya za umeme za eneo hilo.

Ninachokipenda katika mpango ule ni namna fedha zilivyofungwa kwenye tofauti ile ile ya kikopo na sebule. Katika maeneo waliyopewa wajenzi wadogo kama Northpower, fedha za umma zililipia mtandao wa mtaani, yaani nyumba kufikiwa. Nyumba zilipokuwa zikiungwa, mjenzi alitakiwa kununua hisa za serikali katika mtandao huo kidogo kidogo, na fedha zilizorudi zikaenda kujenga kwingine. Hapo hakuna aliyeweza kuficha namba ya pili nyuma ya ya kwanza, maana kila moja ilikuwa na fedha zake. Kampuni kubwa ya simu nayo ilipewa sharti gumu: mwaka 2011 iligawanywa mbili, na Chorus, iliyobaki na nyaya, ikazuiwa kumuuzia huduma mwenye nyumba. Inauza kwa jumla kwa watoa huduma wote, nao ndio wanaogombania wateja kwa bei.

Pamoja na mipango yote hiyo, kitu kidogo kikawatoa jasho: kichochoro cha kuingilia nyumbani. Nyumba nne au tano zinatumia njia moja, na ili mtaro uchimbwe lazima kila mwenye haki ya njia akubali. Mmoja yuko ng'ambo, mwingine hajibu barua, wa tatu ana ugomvi na jirani tangu zamani. Katika takwimu nyumba hizo zote zimefikiwa, tena vizuri kabisa, huku mwenye kuomba huduma akisubiri mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2017 sheria ilibidi irekebishwe, ili kazi isiyoharibu sana mali ya watu iweze kufanyika baada ya kutoa taarifa, bila kungoja sahihi ya kila mmoja. Sijui mpango wa faiba popote uliowahi kukwepa tatizo la aina hii. Katika maghorofa huwa baya zaidi, maana waya lazima upite kwenye korido za watu.

Kisha kuna kazi ya mkono yenyewe. Uzi wa faiba ni kioo chenye unene wa mikroni 125 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na sehemu inayobeba mwanga katikati yake ni kama mikroni 9 tu. Fundi huchuna ganda la plastiki, hufuta kioo kwa spiriti, hukikata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa, kisha hulaza ncha mbili ndani ya mashine na kufunga kifuniko. Kwenye skrini zinaonekana nene kama mabomba mawili yanayosogeleana. Cheche ya umeme inawaka na mabomba yanakuwa moja. Mashine inatoa namba ya mwanga unaopotea, kwa kipimo kiitwacho desibeli: ikiandika 0.02, safi; ikiandika 0.3, anakata na kuanza upya.

Baada ya hapo anapima mwanga uliofika. Katika mitandao mingi ya mitaani uzi mmoja kutoka kituoni hugawanywa kwa nyumba 32, na kigawanyaji peke yake humeza kama desibeli 17. Chembe ya vumbi kwenye ncha ya plagi inaweza kumeza kilichobaki. Kuunga kwenyewe ni dakika chache. Siku nzima inakwisha kwenye kupanda, kupitisha waya na kujadiliana na mwenye nyumba wapi ukuta utobolewe.

Vijijini hesabu hubadilika kabisa, na hapa ndipo ahadi nyingi hulegea. Kizuizi si uwezo wa kioo. Mwaka 1966 mwanasayansi Charles Kao alipotoa hoja kwamba mwanga unaweza kubeba mawasiliano ndani ya kioo, kilichotafutwa ni kioo kisichopoteza zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita, yaani asilimia moja tu ya mwanga ibaki baada ya kilomita moja. Maabara ya Corning, kampuni ya vioo ya Marekani, ilivuka kiwango hicho mwaka 1970. Faiba ya leo hupoteza kama desibeli 0.2, kwa hiyo baada ya kilomita 15 nusu ya mwanga bado ipo. Waya wa shaba, ule wa simu za mezani, hauna ubavu huo: teknolojia zake za kasi huanza kuchoka kabla hata ya kumaliza kilomita moja. Kinachokwamisha faiba vijijini ni kwamba mtaro ule ule unaohudumia nyumba mia mjini, huko unahudumia nyumba tatu.

Ndiyo maana mpango wa vijijini wa New Zealand, uliotolewa mikataba mwaka 2011, haukuahidi faiba kwa kila nyumba. Faiba ilipelekwa kwenye shule na minara, na kaya zikapata mawimbi kutoka mnarani au shaba iliyoboreshwa, kwa kiwango cha chini cha megabiti 5 kwa sekunde. Ni kidogo, na wakulima walilisema hilo waziwazi. Awamu ya pili ikaja na wazo ambalo ningependa kuliona kwingi: kampuni tatu za simu zinazoshindana kuunda kampuni moja ya kujenga minara ya vijijini na kuitumia pamoja, badala ya kila moja kukwepa bonde lile lile kwa sababu ile ile ya hasara.

Mnara una siri mbili ambazo matangazo hayazitaji. Kwanza, masafa yake ni chungu kimoja: wote walio chini yake wanachota humo, na saa mbili usiku kila mtu ana kijiko chake. Pili, mnara wenyewe unalishwa na kitu. Ukilishwa na kiungo chembamba, mitambo ya kisasa kileleni haisaidii. Kwa hiyo namba ya kuomba kuhusu vijijini ni ya minara iliyofikiwa na faiba, na haitangazwi sana.

Setilaiti huziba mashimo yaliyobaki. Zile zinazokaa mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde hata mitambo iwe bora kiasi gani. Kusoma barua pepe hutaona tofauti, ila kwenye mazungumzo ya video mtakuwa mnakatizana kila sentensi. Zinazoruka chini, kwenye kilomita 550 hivi, zimeondoa ucheleweshaji huo kwa sehemu kubwa, ingawa zile setilaiti chache zilizo juu ya eneo lako kwa wakati mmoja nazo ni chungu kimoja.

Yapo pia mapengo ambayo hakuna fundi wa kuyaunga. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, za mwaka 2023, mitandao ya simu yenye intaneti ya kasi ilikuwa imewafikia asilimia 95 ya watu duniani, lakini waliokuwa wakitumia intaneti walikuwa asilimia 67. Watu bilioni 2.6 walikuwa nje, na wengi wao wanaishi chini ya mawimbi. Wanakosa simu inayofaa, wanakosa ujuzi, au kifurushi ni ghali. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka kipimo cha bei: huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Taarifa ya mradi isiyo na mstari wa bei ina ukurasa uliopotea.

Tena hata neno "kasi" lenyewe linahamahama. Nchini Marekani msimamizi wa mawasiliano, FCC, aliamua mwaka 2015 kwamba intaneti ya kasi ni megabiti 25 za kupakua na 3 za kupakia. Mwaka 2024 akapandisha hadi 100 na 20. Kuna nyumba zilizolala zikiwa zimefikiwa zikaamka hazijafikiwa, bila waya hata mmoja kuguswa. Sioni kosa hapo, mahitaji yamekua. Kosa ni kulinganisha asilimia za miaka miwili tofauti bila kusema kigezo kilibadilika.

Nyumbani kwako unaweza kukagua sehemu yako. Kwanza fahamu kwamba kifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha 100 kitashusha kama megabaiti 12.5 kwa sekunde, hapo hujaibiwa. Pima kwa kompyuta iliyochomekwa waya moja kwa moja kwenye ruta, mara moja asubuhi na mara moja usiku, siku tatu mfululizo, na andika namba pamoja na saa. Malalamiko mengi niliyowahi kuyafuatilia yaliishia kwa ruta iliyofichwa ndani ya kabati nyuma ya televisheni. Lakini kama namba za waya ni nzuri asubuhi na zinaporomoka kila usiku, una ushahidi wa msongamano, na mtoa huduma hawezi kukujibu kwa kukuambia uzime na kuwasha.

Kuhusu neno "umekamilika", Australia ilitupa kisa chake. Mwaka 2009 serikali ilitangaza mtandao wa taifa ambao ungeingiza faiba ndani ya asilimia 90 ya majengo. Baada ya uchaguzi wa 2013 mpango ukabadilishwa ili kuokoa muda na fedha: katika mitaa mingi faiba ingeishia kwenye kabati barabarani, na mita za mwisho zikaachiwa shaba ya zamani. Desemba 2020 ikatangazwa rasmi kwamba mtandao umejengwa na unafanya kazi kikamilifu. Miezi mitatu kabla ya tangazo hilo, Septemba, ilikuwa imetangazwa kazi nyingine ya dola bilioni 4.5 za Australia, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya kupeleka faiba kwenye mitaa ambayo ilikuwa tayari imehesabiwa. Mafundi wakarudi mitaa ile ile, safari hii kuifuata ile shaba hadi ukutani.