Spishi shindani huishije pamoja msituni?

Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1934 mwanabiolojia Mrusi Georgy Gause alichapisha majaribio yanayokaribia sana methali hiyo. Alifuga aina mbili za paramesia, vijidudu vya seli moja, akiwapa chakula kilekile. Kila aina ilipokaa peke yake ilistawi vizuri. Alipoziweka katika chombo kimoja, moja iliendelea kuongezeka na nyingine ikatoweka. Tangu hapo wanaikolojia husema kwamba spishi mbili zenye mahitaji yaleyale kabisa haziwezi kudumu mahali pamoja.

Sasa ipeleke kanuni hiyo msituni. Miti yote hutaka jua, maji na virutubisho vya udongo, na haiwezi kuhama ikibanwa. Kwa hesabu ya Gause, tungetazamia mti mmoja wenye nguvu uwe umeshaumaliza msitu mzima. Lakini katika kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama, watafiti walitenga hekta 50 mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakahesabu kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 1. Walikuta spishi zipatazo 300. Fahali 300, zizi moja.

Hapo ndipo dhana ya kuishi pamoja kwa spishi inapohitajika, na maana yake ni nzito kuliko maneno yenyewe yanavyosikika. Kuikuta miti ya aina mbili imesimama bega kwa bega hakutoshi, kwa kuwa huenda mmoja uko njiani kutoweka na safari hiyo itachukua miaka 200. Spishi huhesabiwa kuwa zinaishi pamoja pale ambapo kila moja, hata ikibaki michache sana, ina uwezo wa kuongezeka tena. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kitu gani humnyanyua aliyepungua na kumzuia aliyezidi?

Jibu la kwanza ni mgawanyo wa nafasi. Kuna miti inayovumilia kivuli na kukua polepole, na kuna inayosubiri mti mkubwa uanguke ili iwahi mwanga. Mingine hupenda bondeni, mingine mgongoni mwa kilima. Mgawanyo huo upo kweli, ila ni vigumu kuamini kwamba hekta 50 zina nafasi 300 tofauti.

Jibu la pili ndilo linalonivutia zaidi, na mvule unalieleza vizuri. Mbao zake zinasifiwa kuanzia Afrika Magharibi hadi pwani yetu, hivyo wenye misitu wamejaribu tena na tena kuupanda kama shamba, mvule kwa mvule. Mara nyingi wameambulia hasara. Yupo mdudu mdogo anayefyonza utomvu, kwa jina la kisayansi Phytolyma, ambaye kazi yake ni mvule na ndugu zake wa karibu tu. Makinda yake huingia kwenye machipukizi laini, mche hufanya vinundu, vinundu hupasuka, kuvu huingia na ncha ya mche huoza. Shamba la mvule mtupu kwa mdudu huyu ni karamu isiyo na mwisho. Msituni, ambako mvule mmoja uko mbali na mwenzake na popo hula matunda na kusambaza mbegu huku na huko, mche ulioangukia mbali una nafasi ya kumkwepa.

Wazo hilo liliandikwa na wanaikolojia Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kwa njia yake. Chini ya mti mama hujazana wadudu na magonjwa ya ukoo huo, kwa hiyo watoto walio karibu naye hufa zaidi, na pengo hilo hujazwa na mche wa aina nyingine. Spishi ikizidi, maadui zake nao huzidi, ikipungua, hupumua. Kwa maneno mengine, mti hubanwa na wa kwao kuliko unavyobanwa na wageni. Huko Belize watafiti walinyunyizia dawa ya kuua kuvu kwenye vipande vya msitu, na aina za miche zilizochipua hapo zikapungua. Magonjwa tunayoyaona kama balaa yalikuwa yanailinda miti iliyo adimu.

Wapo pia waliosema tofauti hizi si muhimu kiasi hicho. Stephen Hubbell, mmoja wa walioanzisha hesabu ile ya Barro Colorado, alitoa mwaka 2001 nadharia inayoichukulia miti yote kuwa na uwezo sawa, ambapo anayeishika nafasi ni bahati tu. Kwangu mimi, bahati huchelewesha kutoweka, haimnyanyui aliyepungua.

Anayetaka kuona kizuizi hicho cha maadui kikilegea aende Ituri, mashariki mwa Kongo. Huko kuna sehemu kubwa za msitu zilizotawaliwa na mti mmoja, mbau. Mbegu zake ni kubwa na nzito, huanguka palepale chini ya mama. Miche yake huvumilia kivuli kizito, na mizizi yake imeungana na kuvu zinazoisaidia kupata virutubisho. Majani makavu hulundikana chini na kuzinyima nafasi mbegu ndogo za wengine. Watoto wa mbau, tofauti na wa mvule, hukua miguuni pa mama yao. Na bado ukiinama ukahesabu kati ya mashina hayo, utakuta spishi nyingine nyingi, kila moja ikiwa na miti michache. Kuishi pamoja hakudai idadi iwe sawa.